Korongo kavu chini ya Eburru: je, ninunue ploti hii?

Swali la msomaji, mwalimu wa shule ya msingi mjini Nakuru:

"Habari yako Daktari. Nimeonyeshwa nusu ekari chini ya mlima Eburru, upande unaotazama Ziwa Naivasha. Ni pahali tambarare, udongo ni laini na bei ninaiweza. Kando yake kuna korongo kavu. Anayeuza anasema ameishi hapo miaka 15 na hajaona mto ukipita humo hata siku moja. Juu mlimani mvuke unatoka ardhini, naye anasema mvuke ni baraka kwa sababu watu huukinga wakapata maji. Mama yake mzee bado anaishi hapo. Tangu maji na tope viue watu Mai Mahiu mwaka 2024 mimi sina amani na makorongo. Je, huo mvuke una uhusiano wowote na tope? Ninunue?"

Mwalimu, asante kwa kuuliza kabla ya kulipa. Wengi huniandikia wakiwa tayari wameshika hati miliki, na hapo mimi sina cha kuwapa ila pole.

Nikuambie mapema ili usikae ukingoja: kwa jinsi ulivyopaeleza, mimi singemlaza mtoto wangu hapo wakati wa masika. Mahindi na viazi ni jambo jingine. Hata hivyo usinisadiki kwa sababu tu nimesomea miamba. Nenda ukajionee mwenyewe, na nitakueleza cha kutazama.

Kwanza, huyo anayeuza hajakudanganya. Naamini kabisa kwamba kwa miaka 15 hajaona mto. Ila umemuuliza habari za maji, na kinachoshuka katika makorongo ya namna hiyo huwa si maji. Umewahi kusimama karibu na mafundi wakimwaga zege la slabu? Umeona kokoto zinavyobebwa juu juu bila kuzama, na zege lenyewe linavyosukumana likisonga kwa pamoja? Sasa weka mawe yenye ukubwa wa ng'ombe badala ya kokoto, weka magogo, weka vipande vya ukuta wa korongo, kisha ulipe mteremko mkali. Hilo ndilo tope la mawe. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20. Ijaze tope hilo, utabeba karibu kilo 40. Kwa hiyo linapoipiga nyumba, linaigonga kwa uzito ambao mafuriko ya kawaida hayana, na mawe makubwa kabisa hutangulia mbele. Penye mteremko mkali linaweza kupita kilomita 30 kwa saa. Likipita, korongo hurudi kuwa kavu, na huenda likakaa hivyo miaka 20, 40 au 80. Miaka 15 ya huyo anayeuza ni kipindi kifupi mno kwa hesabu hiyo.

Sasa jiulize hiyo ploti ilisawazishwa na nani. Mlima umeinuka zaidi ya mita 2,800 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini kwenye mita 1,890 hivi, na katikati mteremko ni wa kukatisha pumzi. Halafu ghafla, pale korongo linapotoka mlimani, unakuta uwanda laini ulioinama kidogo tu, umetanuka kama kiganja kilichofunguliwa vidole. Mimi nimezoea kukiita kiganja cha korongo. Korongo likiwa bado mlimani limebanwa na kuta zake. Likifika kwenye kiganja hupata nafasi, tope hupunguza kasi, hutanuka, hulaza mzigo wake na kukauka. Mara inayofuata mkondo wa zamani umejaa, kwa hiyo tope hushika njia nyingine, pengine mita 100 kando. Hivyo ndivyo kiganja kinavyojengwa, kidole baada ya kidole. Udongo laini uliousifu uliletwa hapo kwa njia hiyo, au na maji yaliyofuata nyuma yake. Ndiyo maana wakulima wanavipenda viganja hivi, na wana haki ya kuvipenda.

Nenda basi asubuhi, siku ambayo haijanyesha na mlimani hakuna wingu, ukiwa na panga na mtu wa kukutazamia juu. Tafuta pahali ambapo ukuta wa korongo umekatika wima, simama pembeni wala usiingie chini yake kabisa, kwa maana kuta za majivu ya volkeno huanguka bila kubisha hodi. Paruza ukuta taratibu kwa ubapa wa panga mpaka rangi mbichi zionekane. Maji ya kawaida yana nidhamu: hupanga mchanga kwa tabaka nyembamba, chembe nene chini na laini juu, kama unga uliochekechwa. Tope la mawe halichagui. Utaona tabaka nene, nusu mita au zaidi, ambamo jiwe la kichwa cha mtoto limeelea katikati ya udongo laini, halikugusana na jiwe jingine, na pengine mawe makubwa zaidi yako juu kuliko chini. Chini ya tabaka hilo mara nyingi kuna mstari mweusi wenye vijizizi na vipande vya makaa. Huo mstari ulikuwa uso wa shamba la mtu au wa kichaka, kabla haujafunikwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa napima korongo upande wa Maiella, kusini-magharibi mwa ziwa. Mwenye shamba alisimama juu yangu kwenye mahindi yake akinihakikishia kwamba tangu azaliwe hapo hapajapita kitu. Nikiwa naparuza, panga likagonga bati. Nikachokoa kwa vidole, nikatoa kikombe cha bati cha rangi ya bluu, mdomo wake una mstari mweupe, kama vile tulivyonywea chai sote tukiwa watoto. Kilikuwa mita moja na nusu chini ya mahindi, na juu yake tabaka moja tu, moja, la mawe na udongo uliovurugika. Nilimpa mkononi. Alikigeuza akakigeuza, kisha akasema baba yake aliwahi kutaja mwaka ambao walihamia kwa mjomba kwa sababu "boma liliingiwa na udongo". Habari alikuwa nayo. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa maneno yanayoifungua.

Kwa hiyo nawe ukienda kwa wazee, usiulize kama mto umewahi kupita. Uliza lile jiwe kubwa lililoko katikati ya shamba lilitoka wapi. Uliza ni nani aliyehama zamani na kwa nini. Tazama pia miti mikubwa: shina lenye kovu upande unaotazama mlima, au shina linaloingia ardhini limenyooka kama nguzo ya stima bila kutanuka kwenye mizizi. Mti wa namna hiyo umefunikwa miguu.

Nije kwenye mvuke. Ndiyo, una uhusiano, na watu wengi wa bonde letu hawajaelezwa.

Mvuke wa Eburru haupandi peke yake. Huja na gesi, mojawapo ni ile yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo ikikutana na hewa na unyevu karibu na uso wa ardhi hugeuka asidi. Joto na asidi vikifanya kazi pamoja kwa mamia na maelfu ya miaka huupika mwamba. Mwamba mgumu wa volkeno, ambao nyundo hurukia juu yake, hulegea ukawa udongo wa mfinyanzi mweupe, wa manjano au mwekundu. Ukichukua kidogo ukasugua kati ya vidole ukiwa na maji, huteleza kama sabuni. Udongo huo hunywa maji, hufura na kuwa mzito, lakini hauyapitishi kwa urahisi, hivyo maji hukwama nyuma yake na kuusukuma. Tena ardhi ikiwa ya moto sana miti haioti, au huota vinyasi vifupi tu, kwa hiyo hakuna mizizi ya kushikilia. Kwa maneno mengine, mlima unaweza kusimama kwa nje huku kwa ndani umeiva kama kiazi kilichochemshwa.

Mambo haya yameua watu duniani. Kwenye Ziwa Taupo, Nyuzilandi, kijiji cha Waihi kimekaa chini ya mteremko unaofuka mvuke. Mwaka 1846 mteremko uliachia, tope likashuka likakizika kijiji jirani cha Te Rapa, na watu wapatao 60 wakafa, akiwemo chifu mkuu Te Heuheu. Mwaka 1910 mteremko huohuo ukaporomoka tena. Zunil, Guatemala, kwenye eneo lenyewe la visima vya mvuke, mlima uliporomoka Januari 1991 ukaua watu 23. Kamchatka, Urusi, tarehe 3 Juni 2007, poromoko lilishuka katika bonde maarufu la chemchemi zinazorusha maji moto, likazika baadhi yake na kuuziba mto ukawa ziwa. Mahali pote patatu hadithi ni moja: mwamba uliopikwa, mteremko mkali, maji ndani yake.

Sisemi kwamba kila penye mvuke pataporomoka. Watu wa Eburru wamekinga mvuke kwa mabomba ukapoa na kudondoka kwenye mapipa kwa miaka mingi, katika mlima usio na mito ya kudumu, na mwenye kuuza ana haki ya kuuita baraka. Mtambo mdogo wa umeme wa huko, wa megawati 2 na nusu hivi, unatumia mvuke huohuo. Ninachotaka ujue ni jambo moja mahususi: je, ile ardhi iliyopikwa iko kwenye kichwa cha korongo lako, au maji yake yanateremkia korongo jingine? Hilo ndilo litakaloamua. Fungua picha za setilaiti kwenye simu, fuata korongo lako kwa kidole kutoka ploti hadi kileleni, na utazame kama njia hiyo inapita kwenye mabaka meupe au mekundu yasiyo na miti. Kisha panda kwa miguu na mtu wa hapo ukathibitishe. Ukikuta mabaka hayo ndani ya bonde lako, na chini yake nyufa zilizojipinda kama mwezi mchanga, mimi nimeshamaliza kukushauri: rudisha hela mfukoni.

Na hata kama mvuke uko kwingine, bado kuna majivu. Volkeno za Eburru, Longonot na Olkaria zimefunika bonde hili kwa majivu na yale mawe mepesi yanayoelea majini, ambayo watu husugulia visigino. Udongo huo ni mwepesi na hukatwa na maji kama keki. Ndiyo sababu makorongo ya Naivasha yana kuta za wima, na kuta hizo zikilowa humwaga mafungu yake ndani ya korongo. Fungu likiangukia pahali pembamba, likinasa magogo, korongo huzibika. Maji hujikusanya nyuma yake kimyakimya, kisha huachia kwa mpigo mmoja.

Hapo nifike Mai Mahiu, kwa kuwa umeitaja na kwa kuwa habari yake ilienea vibaya. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 watu wengi walisema bwawa limepasuka. Kilichoelezwa baadaye ni kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli ilizibwa na takataka, mawe na miti, maji yakajaa nyuma ya tuta, kisha yakapasua. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wakiwa kitandani, kijiji cha Kamuchiri kikachukuliwa hadi misingi. Kule Solai, mwaka 2018, lililopasuka lilikuwa kweli bwawa la kuchimbwa, watu walijua lipo. Kamuchiri halikuwapo bwawa la kuonyesha kwa kidole. Lilijijenga usiku huo. Kwa hiyo ukipanda kukagua korongo lako, hesabu kila kalvati, yaani njia ya maji chini ya barabara au reli, kila tuta la barabara, kila pahali pembamba juu ya ploti. Kalvati ambayo mtu mzima haingii akiinama ni kizibo kinachongoja gogo.

Jambo jingine, la haraka. Usipime hatari kwa anga iliyo juu ya kichwa chako. Korongo la Ol Njorowa katika mbuga ya Hell's Gate, hapo hapo jirani, limeua vijana saba wa kanisa mwaka 2012, na watu saba tena Septemba 2019, watalii na mtu aliyekuwa akiwaongoza. Mvua ilinyesha juu, maji yakawakuta chini kati ya kuta. Lile ni korongo lenye chemchemi za moto ambamo watu huenda kufurahi, na hadi leo nikipeleka wanafunzi huwa nawageuza nikiona wingu jeusi liko upande wa juu, hata wakininunia njia nzima.

Kuhusu sheria: kanuni za maji za mwaka 2007 ziliacha ukingo sawa na upana wa mto, usiopungua mita 6 wala kuzidi 30 kila upande. Broka atakuonyesha bikoni, yale mawe ya mpaka, akakuambia uko nje ya ukingo, na pengine ni kweli. Lakini kipimo hicho kimewekwa kwa ajili ya mto unaokaa kwenye njia yake. Kwenye kiganja, korongo halina adabu ya kukaa njiani. Mita 30 kutoka kwenye mkondo wa leo zinaweza kuwa katikati kabisa ya mkondo wa kesho.

Basi ninunue? Ikiwa nusu ekari yote iko kwenye kiganja, nunua kwa kulima tu, kwa bei ya shamba na si bei ya ploti ya kujenga, na ukubali kwamba siku moja waweza kupoteza mazao. Ikiwa sehemu yake inapanda kwenye kigongo cha pembeni, pale ambapo ukichimba mita moja unakuta mwamba au udongo mwekundu uliozaliwa hapo hapo bila mawe ya mchanganyiko, nyumba iende huko, hata kama maji na barabara vitakuwa mbali. Wengi hukataa kigongo kwa sababu ya kupandisha mizigo. Pandisha. Kuta za kuzuia na mifereji ambayo fundi atakutajia usiitegemee kwa tope la mawe; ukuta wa mawe wa mtu binafsi huongeza tu mawe kwenye mzigo.

Lakini barua yako ina mtu mmoja ambaye sikuweza kumtoa akilini, naye ni yule mama mzee. Wewe unaweza kutonunua. Yeye yuko hapo usiku huu. Kamuchiri ilikuwa alfajiri. Pokot Magharibi, Novemba 2019, maporomoko yalikuja usiku yakaua zaidi ya watu 40. Chesongoch katika Elgeyo Marakwet, mwanzoni mwa Novemba 2025, usiku vilevile, zaidi ya 20. Wengi hawakupata hata nafasi ya kusimama.

Kwa hiyo tafadhali mwambie mwanawe maneno haya, na umwambie ni bure, hata usiponunua. Masika ikiwa imenyesha siku tatu nne mfululizo na ardhi imeshiba, kisha jioni wingu likaanza kukaa mlimani, mama asilale kwenye nyumba iliyo kando ya korongo. Alale kwa jirani aliye kigongoni, na wakubaliane mapema na jirani huyo ili asione haya kugonga mlango. Wapige njia ya miguu kutoka mlangoni mwake kwenda kigongoni, iwe inapanda kwa ubavu bila kuvuka korongo, na waifyeke ipitike gizani. Kama kuna maji yanapita korongoni na ghafla yakapungua huku mvua bado inanyesha, hiyo si nafuu: juu kumezibika. Mwaka 2010 huko Kanada, kwenye mlima Meager wenye chemchemi za moto, karibu mita za ujazo milioni 50 za mwamba zilishuka zikauziba mto Lillooet, na watu wapatao 1,500 bondeni wakahamishwa kwa hofu ya maji yatakayoachia. Dalili nyingine ni maji kubadilika ghafla yakawa mazito kama uji, harufu kali ya udongo mbichi na majani yaliyopondwa, na mngurumo kama lori linapanda gia ya kwanza, ukiambatana na kutetemeka chini ya nyayo. Wakisikia huo hakuna kurudi kuchukua godoro wala mbuzi. Wapande kwa ubavu, si kushuka na bonde, na wasirudi baada ya wimbi la kwanza kupita, kwa sababu tope hili huja kwa mawimbi na la pili linaweza kuwa kubwa kuliko la kwanza.

Ukienda kukagua, nipigie picha ya ukuta wa korongo ukiwa umeuparuza, weka panga pembeni ili nione kipimo, na nyingine ya yale mabaka ya mlimani kama yapo. Na umuulize mama mwenyewe, mwanawe asiwepo, walipohamia hapo mara ya kwanza nyumba ilikuwa wapi, na kwa nini waliisogeza.